Joto na Umeme: Kanuni Inayohitaji Mpaka

Katika madarasa mengi ya fizikia mwanafunzi hufundishwa kwamba kitu kinachopitisha joto vizuri hupitisha na umeme, na kisichopitisha umeme hakipitishi joto. Shaba na alumini hutolewa mfano upande mmoja. Ubao, mpira na kigae upande wa pili. Kanuni hiyo ni rahisi kukariri, na katika mtihani hujibu maswali mengi. Hata hivyo si kanuni ya maumbile, wala haifai kuendelea kufundishwa kana kwamba haina mpaka.

Asili yake ni ya kweli. Mwaka 1853 wanasayansi wa Kijerumani, Wiedemann na Franz, walionyesha kwamba katika metali uwezo wa kupitisha joto huenda sambamba na uwezo wa kupitisha umeme, kwa kuwa elektroni zilizo huru hubeba vyote viwili. Kosa huanza pale neno “metali” linapoachwa, na kanuni ikatandazwa juu ya vitu vyote.

Kihami hakina elektroni huru za kutosha. Lakini atomi zake zimeshikamana, na mtetemo wa moja huiamsha jirani yake. Mitetemo hiyo ndiyo ibebayo joto. Ikiwa atomi ni nyepesi, vifungo vyake vina nguvu na mpango wa fuwele ni sahili, mitetemo husafiri mbali kabla ya kutawanyika. Ndiyo maana almasi, isiyopitisha umeme, hupitisha joto kiasi cha mara 5 kuliko shaba.

Jambo hili lina manufaa makubwa. Transista za nguvu hutoa joto jingi, nalo lazima liondolewe bila umeme kuvuja. Kauri ya kawaida, oksidi ya alumini, hupitisha kiasi cha wati 25 kwa mita kwa kelvini. Shaba hupitisha 400. Oksidi ya berili hufikia 250, lakini vumbi lake likivutwa laweza kuleta ugonjwa wa mapafu usiopona. Nitridi ya alumini hufikia 170 na zaidi bila hatari hiyo ya berili, tena hutanuka kwa kadiri iliyo karibu na ile ya silikoni, hivyo viungo havipasuki upesi. Sharti lake ni usafi: oksijeni ikiingia katika fuwele huacha mapengo penye mahali pa alumini, na mitetemo hutawanyika hapo. Kwa hiyo wakati wa kuichoma huongezwa oksidi ya itriamu ili kuifunga oksijeni hiyo.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni mazito kwa vidato vya chini. Lakini kuongeza maneno mawili, “katika metali”, hakumlemei mtoto yeyote. Kinachomlemea ni kulazimika kusahau baadaye alichoaminishwa mwanzo. Tena kijana anayepiga tupa kauri nyeupe ya mtambo wa zamani wa redio, akidhani ni kigae tu, aweza kuvuta vumbi la berili. Ujinga huo una gharama kuliko alama za mtihani.

Yafaa basi mwalimu asiulize tu kama kitu hupitisha joto. Na aulize pia: ni nini kinacholibeba?