WAKFU WA KANDO YA KIJITO



Ndugu yangu Muislamu, kuna muumini alinijia baada ya Alasiri, anataka kutoa kiwanja wakfu tujenge madrasa. Nilifurahi, nikafuatana naye. Kumbe kiwanja kipo bondeni hapa hapa Mjimwema, hatua kumi hazifiki kutoka kijitoni. Nimekataa. Wapo walionilaumu kwamba nimezuia kheri, basi nisikilizeni.

Wanazuoni wa fiqhi tangu zamani wanataja hariimu, yaani eneo la pembezoni mwa kisima au mto ambalo mtu haruhusiwi kulihodhi, kwa kuwa maji yale wanayahitaji wote. Kwa kisima, hadithi aliyoipokea Ibn Majah imetaja dhiraa 40. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Sasa utatoaje wakfu kisichokuwa chako? Karatasi ya mauziano haikifanyi kuwa chako.

Utaniambia, "Shekhe, kile si mto, ni mtaro." Mwezi wa kumi kweli unakiruka bila kukunja kanzu. Njoo mwezi wa pili! Na madrasa ni ya watoto.

Maji yale hayaanzii bondeni. Wewe wa juu kabisa, ambaye kijito hujawahi hata kukiona, ndiye unayekijaza: bati lako, uwanja uliomwaga zege, nepi uliyotupa njiani. Halafu wapo wanaosubiri mvua ya usiku wafungulie choo. Mtume (s.a.w.) alitahadharisha juu ya laana kwa anayejisaidia penye maji ya watu. Tofauti yako na huyo ni bomba tu. Asubuhi mchicha unaoshwa pale pale, jioni unaununua.

Sisi msikitini pia tulikosea. Maji ya sabuni ya kufulia mikeka tuliyaelekeza huko kwa miaka, mpaka juzi juzi tulipochimba shimo.

Muumini yule nimemwomba apande mikuyu na matete pale, si mikaratusi, ile inakunywa maji mno. Anachokula ndege katika mti wake ni sadaka yake. Hajanijibu bado, nahisi nimemvunja moyo, na hilo linaniuma. Mwenye kiwanja huku juu, hata cha vyumba viwili, anione baada ya Isha.

Wabillahi tawfiiq.