Kopo la Nati Si Takataka

Wiki tatu baada ya kumzika ami yangu pale Msambweni, tuliuza karakana yake kwa kilo. Jiliwa likaenda, mashine ya kulehemu ikaenda, msumeno wa chuma ukaenda. Halafu yakaja makopo. Yalikuwa mengi: makopo ya Kimbo, ya maziwa ya unga, ya rangi, galoni za mafuta ya injini zilizokatwa vichwa. Ndani yake nati, bolti, skrubu, washa, pini. Mwenye mizani akayamwaga yote kwenye gunia moja, akapima, akahesabu noti. Mimi ndiye niliyeshika mdomo wa gunia. Nilishika vizuri kabisa, isianguke hata nati moja.

Naandika kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba tulifanya la maana. "Mmesafisha," watu walisema. "Sasa pale panaonekana ni mahali pa watu." Ukifungua simu, wimbo ni huo huo. Kuna kijana kwenye video, nyumba yake nyeupe kama wodi, anakwambia kitu ambacho hujakitumia miezi sita, tupa. Mnashangilia, mna-share. Wengine mnaishi bedsitter Ukunda au Mombasa na mmetupa mpaka ile mifuko midogo ya skrubu iliyokuja na kitanda. Kisha kitanda kinaanza kulia usiku, na hujui umwite nani.

Mimi napinga. Nasema kopo la nati lililopangwa ni mali kama ng'ombe alivyo mali, na anayelimwaga kwenye gunia la chuma chakavu amechinja bila kula nyama.

Hebu tuangalie kilichokuwa ndani ya makopo yale. Ami alijifunza kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Ramisi. Kiwanda kilipokufa mwaka 1988 alirudi nyumbani na mikono yake tu, akafungua banda kando ya barabara ya Lunga Lunga. Kila pikipiki iliyokufa, kila kiti cha hoteli kilichotupwa, kila jenereta iliyoungua, yeye alikaa jioni na kifungua nati, akavua. Bolti nzima huku, iliyopinda kule. Aliosha kwa dizeli, akakausha, akapaka oili chafu kidogo, akafunika. Kufunika ni muhimu kwetu. Upepo wa bahari hapa Pwani unakula chuma hata kikiwa kimelala ndani ya nyumba. Kwa hiyo kopo moja lile lilikuwa jioni zisizohesabika za mtu mmoja. Mizani haina namba ya jioni.

Siku kama kumi baada ya gunia kuondoka, pampu ya mkono inayotumiwa na kijiji cha jirani ilianza kuyumba kichwa. Bolti mbili zimekatika. Mama mmoja akaja nyumbani, nusu ya bolti iko kiganjani, kama alivyozoea kuja. "Mwanangu, ami yako alikuwa na kopo lake la pampu," akaniambia. Kweli alikuwa nalo. Alikuwa ameliandika kwa rangi nyekundu: PAMPU. Nililikumbuka vizuri kwa sababu nililimwaga mwenyewe. Pampu ilisimama siku tisa. Siku tisa kina mama na watoto wakichota kwenye kisima cha wazi, kwa ajili ya bolti mbili ambazo zilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni pao mpaka sisi tulipozipima kwa kilo.

Na sisi watu wa Kwale, kuliko wote, hatuna udhuru. Miaka ya 1980 mradi wa kujaribu pampu za mkono ulifanyika hapa hapa Pwani ya Kusini, Serikali, Benki ya Dunia, UNDP na shirika la KWAHO wakiwemo. Pampu zilizokuwa zikiletwa vijijini zilikuwa zikiharibika, halafu zinangoja gari na mafundi kutoka mbali. Wakajiuliza: je, pampu inaweza kutengenezwa na wenyewe wanaoitumia, wanawake wa kijiji wakiwa mbele? Kwale ni mojawapo ya mahali ambapo pampu ya Afridev ilijaribiwa na kuboreshwa, na leo utaikuta kote Afrika na hata Asia. Wazo lake kubwa lilikuwa hili: spana moja, na ndoano ya kutolea vipuri vya ndani ya bomba, basi. Vichwa vya bolti vikafanywa vya saizi moja ili mtu asihitaji sanduku zima la vifaa.

Wazo zuri mno. Lakini spana moja haiwezi kukaza bolti ambayo haipo. Sehemu ya pili ya wazo lile ni kwamba kipuri kiwe karibu, mikononi mwa mtu anayejulikana. Miaka ya 2010 watafiti wa Oxford walikuja Kwale, wakaweka vifaa kwenye mipini ya pampu vinavyotuma ujumbe kwa simu pampu ikilala. Ikazaliwa huduma ya FundiFix, mafundi wanaokuja haraka na vipuri vyao tayari. Mitambo yote hiyo, na bado siri ni ile ile ya ami: fundi yuko karibu, na kopo liko karibu.

Najua jibu lenu. "Kwani hadiwea imefungwa?" Haijafungwa. Ziko kibao, kuanzia Ukunda mpaka Msambweni. Sasa ingia ununue bolti ya M10 ya kufunga kitu kwenye matatu ya Kijapani. Utapewa bolti inayong'aa, unene sawasawa, urefu sawasawa. Ukiizungusha inaingia mizunguko miwili, mitatu, kisha inagoma. Fundi mwenye haraka anaongeza nguvu. Hapo ameshaua tundu. M10 ya kawaida ya hadiwea, kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5. Kwenye magari mengi ya Kijapani ni 1.25. Kwa macho hutaona tofauti. Bolti iliyovuliwa kwenye gari lenyewe, ikawekwa kwenye kopo lake, ingeingia kwa vidole.

Chukua mashine ya boti. Bolti ya M8 ya hadiwea inataka spana 13. M8 ya Kijapani, kichwa chake mara nyingi ni 12. Ukiwa bandani, hilo ni jambo dogo. Ukiwa nje ya mwamba na mawimbi, na spana uliyonayo ni 12 peke yake, si dogo tena.

Halafu kuna kutu. Bolti nyingi za rafu ya kawaida zimepakwa zinki nyembamba tu, ya kung'arisha. Nairobi itakaa miaka. Ifunge kwenye lango linalotazama bahari pale Diani, miezi michache tu inatoa machozi ya rangi ya chai. Inayostahimili chumvi ni ile iliyochovywa kwenye zinki ya moto, au stenlesi. Na stenlesi nayo ina ukoo wake: iliyoandikwa A2 kichwani itapata madoa karibu na maji ya chumvi, A4 ndiyo ya bahari. Mahoteli ya ufuoni yanapokarabatiwa, bolti za A4 hutupwa pamoja na mbao zilizooza. Kijana anayejua kusoma herufi moja na namba moja anaokota dhahabu. Asiyejua anapeleka kwenye mizani, na mizani ya chuma chakavu haijui kusoma.

Kwamba bolti mbili zinaweza kukubaliana hata kidogo, hilo lenyewe lilipiganiwa. Kabla ya Joseph Whitworth kupendekeza kipimo kimoja cha meno huko Uingereza mwaka 1841, kila karakana ilichonga meno yake. Bolti ya kwako haikuingia kwenye nati ya jirani. Mfalme na mkulima wote walimtegemea yule yule aliyechonga. Bolti yenye kipimo kinachojulikana ni uhuru: imetoka kwenye mashine iliyokufa, inafufua nyingine ambayo haijawahi kukutana nayo. Ndiyo maana kopo lina thamani. Ukichanganya yote ndani ya gunia, umeturudisha nyuma ya 1841.

Lakini nisiwadanganye. Kuna mafundi wenye milima ya vyuma na hakuna msaada wowote. Ukimuuliza nati ya M6 anapiga magoti mbele ya karai, anachimba nusu saa, anaibuka na vidole vyeusi na nati ya M8. Huyo hana akiba, ana kaburi la pamoja. Sitamtetea. Akiba ni kile unachoweza kukipata kabla mteja hajakaa kwenye benchi.

Kuipata si kazi ya injinia. Tafuta nati nne mpya, M6, M8, M10, M12, zitundike kwenye waya ukutani. Kila bolti inayovuliwa ipimwe hapo kabla ya kuingia kopo. Isipoingia kwa vidole ina kopo lake la wageni: za Kijapani zenye meno ya karibu huku, za inchi za Land Rover kuukuu kule. Hizo nne zitabeba kazi nyingi za kila siku, kuanzia bodaboda mpaka lango. Andika juu ya kopo, usitegemee kumbukumbu yako, maana kumbukumbu inazikwa na mwenyewe. Na tupa! Iliyopinda, iliyoliwa shingo, nati yenye pete ya plastiki ambayo imeshafungwa na kufunguliwa mpaka inazunguka bure, hizo ndizo za mizani.

Na kuna mahali kopo haliruhusiwi kugusa: breki, usukani, bolti za kichwa cha silinda. Hapo nunua mpya na usome kichwa. Ikiandikwa 8.8, imetengenezwa kuhimili karibu mara mbili ya ile ya 4.6. Isiyoandikwa chochote hujui baba yake. Kijana wa bodaboda anabeba mama mjamzito kwenda hospitali ya Msambweni. Usimfungie breki kwa bolti ya kitanda eti kwa sababu imeingia.

Sasa turudi kwa mwenye mizani. Simchukii, anatafuta riziki kama mimi. Lakini tumeshaona biashara hii inakotufikisha ikiachwa itafune chochote. Januari 2022 minara ya umeme ilianguka Nairobi, karibu nchi nzima ikakosa umeme, Serikali ikasema minara ilihujumiwa, na Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara ya chuma chakavu kwa miezi kadhaa. Marufuku ikaja, marufuku ikaondoka. Lile wazo kwamba chuma ni uzito tu halikuondoka.

Sisi Kwale tumezoea. Kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Desemba 2024, mchanga wetu wenye titani ulichimbwa, ukapelekwa Likoni, ukapakiwa melini kwa tani. Madini ya aina hiyo duniani huenda zaidi kutengeneza rangi nyeupe. Labda imepakwa kwenye ile nyumba ya kijana wa video. Tukitoa chuma chetu kwa uzito, tunakinunua tena kwa kipande, na kila kipande kinavuka kivuko au kinazunguka Dongo Kundu kabla ya kutufikia. Hesabu hiyo ilikuwa mbaya kwa mchanga, na ni mbaya kwa kopo la Kimbo.

Basi nawaomba mambo matatu. Familia: fundi akifa, kabla mizani haijaingia uani, iteni mafundi vijana wa mtaa waje na makopo yao. Wauzieni kwa bei ya heshima au wapeni kama sadaka ya marehemu, lakini kopo litoke na jina lake. Vyuo vya ufundi: mwanafunzi asipewe cheti kama hawezi kutofautisha 1.5 na 1.25. Na wewe wa bedsitter: kopo moja. Moja tu. Ile mifuko ya skrubu, ile nati iliyobaki, weka, andika.

Mimi nimeanza tena. Sina karakana, nina benchi nyuma ya jikoni la mama na makopo sita. La kwanza niliandika kwa rangi nyekundu, kwa herufi kubwa kama zake. Nilinunua bolti mpya nne, nikazipaka oili, nikafunika. Kisha nikamtumia yule mama salamu kwamba asiende mjini, aje kwetu kwanza.