AFYA YA FAMILIA: Saa ya simu isimpotoshe mzazi mtoto anapougua

Siku hizi wazazi wengi hupima muda kwa simu: muda wa kupiga mswaki, wa kuhesabu pumzi za mtoto mwenye kikohozi, hata wa degedege. Ni jambo jema, ila kuna kitufe kimoja kinachohitaji uangalifu, nacho ni kile cha kusimamisha na kuendelea.

Programu hizi hutengenezwa kwa njia tofauti. Zipo zinazoongeza moja kila sekunde inapopita. Kioo cha simu kikizima, simu huweza kuilaza programu ili kutunza chaji, na hesabu husimama bila mzazi kujua. Zilizotengenezwa vizuri hazihesabu sekunde moja moja. Huandika saa kamili kitufe kilipobonyezwa, kisha hutoa saa hiyo kwenye saa ya sasa. Mtumiaji akisimamisha, huhifadhi muda uliokwisha kupita. Akiendelea, huandika saa mpya ya kuanza na kujumlisha.

Mzazi anaweza kuijaribu yake. Aiwashe, afunge kioo kwa dakika tano, kisha alinganishe na saa ya ukutani. Ikiwa nyuma, asiitegemee kwa mgonjwa.

Lakini hata programu nzuri haijui lini isisimamishwe. Mtoto anayepiga mswaki kwa dakika mbili akienda kutema mate, saa isimamishwe, kwa sababu kinachopimwa ni kazi yake. Pumzi na degedege ni tofauti, kwani mwili hausubiri kitufe.

Kwa pumzi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) unataka zihesabiwe kwa dakika moja kamili, mtoto akiwa ametulia. Kifua au tumbo kupanda na kushuka ni pumzi moja. Mtoto akilia katikati, mzazi asisimamishe saa na kuunga vipande viwili. Kilio huongeza kasi ya pumzi, na hesabu ya vipande hupoteza au kurudia baadhi yake. Ambembeleze hadi atulie, kisha aanze upya kutoka sifuri.

Pumzi huhesabiwa kuwa za haraka zikifika 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi 12, na 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano. Mtoto mwenye kikohozi akifikia idadi hiyo huenda ana nimonia, na apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akiwa anabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya au kunywa, hakuna haja ya kuhesabu, safari ianze.

Kwa degedege, saa ianze mara mtoto anapoanza kukakamaa au kutikisika, na isiguswe tena. Alazwe ubavu mahali salama, asibanwe kwa nguvu, wala asitiwe kijiko, dawa au maji mdomoni. Likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajapata fahamu, hiyo ni dharura. Ila mzazi asingoje dakika hizo ziishe ndipo atafute usafiri. Mmoja akae na mtoto, mwingine aite gari au bodaboda. Hata likikoma mapema, mtoto apelekwe akaangaliwe chanzo chake.

Na simu ikizima chaji? Kalamu na karatasi vinatosha. Andika saa lilipoanza na saa lilipokoma, kwa mfano 8:10 usiku hadi 8:13, kisha mpe karatasi hiyo mhudumu wa afya. Ni miongoni mwa maswali ya kwanza atakayouliza.