Vigingi Viwili Ardhini na Sauti Zinazosikika



Juma lililopita tulipokea barua ya mama mmoja, msomaji wetu wa siku nyingi, na tumeona jibu lake tulitoe hapa kwa kuwa khabari za namna hii zimekwisha kuenea katika simu za watu. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha tatu, amechimbia vigingi viwili vya chuma uani kwa nyanya yake, baina yao hatua 40 hivi, akavifunga waya na kuuleta kwenye kikuza sauti kidogo alichokiunga kwa mikono yake. Usiku huvaa visikilizio akasikiliza. Husikia mlio kama wa mafuta ya kukaangia, na mara nyingine kama tone la maji liangukalo mtungini. Nyuma ya ua ule pana makaburi ya zamani. Jirani alipoupata mlio huo masikioni mwake akasema hao ni watu wa makaburini, na kwamba mtoto amefungua mlango asioweza kuufunga. Akashauri apelekwe kwa mganga. Mama atuuliza: avin'goe vigingi? Na mwanawe asomewe?

Asivin'goe. Kusomewa Qur'ani ni kheri kwa kila mtu, mzima na mgonjwa, lakini binti huyu hana la kuponywa. Kwa mganga asipelekwe kabisa.

Anachokifanya kina historia ndefu, na wala si mzaha wa watoto. Ulimwenguni wapo watu waitwao wapenzi wa redio, wasiolipwa kwa kazi hiyo, ambao huichunguza redio kwa kuipenda tu. Baadhi yao wamejishughulisha na mawimbi ya chini mno, yale yatikisikayo baina ya mara 3,000 na 30,000 kwa sekunde, yaani kilohezi 3 hadi 30. Taabu ya mawimbi haya ni urefu wake. Wimbi moja la kilohezi 9 lina urefu wa kilomita 33 hivi, na antena ya kawaida hutakiwa ikaribie nusu au robo ya wimbi lake. Ni nani atakayesimamisha mlingoti wa kilomita nane? Basi wakaitumia ardhi yenyewe. Vigingi viwili hupigwa mbalimbali, na umeme unaoingizwa kwa kimoja hauendi kwa mwenziwe kwa njia iliyonyooka, bali huzama na kutawanyika udongoni kabla ya kurejea, kana kwamba pana kitanzi kikubwa cha waya kilichozikwa. Penye mwamba mkavu kitanzi hicho huzama zaidi. Penye udongo wa majimaji na chumvi hubaki karibu na uso wa nchi. Katika udongo wa wastani wimbi la kilohezi 9 hushuka takriban mita 50 kabla ya kupoteza thuluthi mbili hivi za nguvu zake. Katika maji ya bahari halifiki hata mita tatu.

Wanajeshi waliitumia njia hii kabla ya wapenzi wa redio. Katika Vita Vikuu vya Kwanza Wafaransa walipiga simu za maandishi kupitia ardhini, kwa kuwa waya zilizotandazwa juu ya mahandaki zilikatwa na mizinga kila siku. Adui naye alijua kupiga vigingi vyake akasikiliza. Katika kusikiliza huko Mjerumani mmoja, Heinrich Barkhausen, aliyekuwa akidukiza simu za wapinzani kwa vigingi na kikuza sauti, alisikia mluzi wa ajabu ulioanza juu ukashuka polepole. Askari wa mstari wa mbele walikuwa na tafsiri yao tayari: walisema hayo ni makombora yanaruka. Barkhausen hakuridhika. Aliiandika khabari ile mwaka 1919, na maelezo kamili hayakupatikana hadi mwaka 1953, pale Owen Storey wa Cambridge alipoonyesha kwamba mluzi ule ni radi. Umeme wa radi hutoka nje ya hewa yetu, ukafuata njia ya sumaku ya dunia maelfu ya kilomita angani, ukashuka upande wa pili wa ikweta. Na kwa kuwa sehemu zake za juu husafiri upesi kuliko za chini, hufika ukiwa umenyooshwa kama mluzi.

Twataka wasomaji watue hapo kidogo. Jambo lililosikika ardhini lilikuwa limetoka mbinguni. Na ndivyo ilivyo kwa binti yetu. Udongo wa uani hautoi sauti yoyote, na mtu akilaza sikio lake juu yake hatasikia kitu. Vigingi vinaokota umeme mdogo mno, na kwa kuwa mitikisiko yake imo katika kiwango ambacho sikio la mwanadamu hukisikia, kikuza sauti kinatosha kuugeuza mlio. Zile za mafuta ya kukaangia ni radi, nyingine za mbali sana. Bonde la Kongo ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kabisa duniani, na mawimbi ya chini hivi husafiri maelfu ya kilomita bila kuchoka. Lile tone la mtungini nalo ni radi. Usiku, mawimbi yake hudunda baina ya ardhi na tabaka la juu la hewa lenye umeme, lililo umbali wa kilomita 85 hadi 90 hivi, na mitikisiko iliyo karibu na 1,700 kwa sekunde huchelewa kuliko mingine, ndipo sikio likasikia ule mdundo wa kioevu. Ule mluzi wa Barkhausen huenda asiupate kwa urahisi, kwa kuwa sisi tu karibu na ikweta, nao husikika zaidi katika nchi zilizo mbali nayo.

Sasa tuje kwa jirani, ambaye hatumlaumu peke yake. Yeye alikuwa na ushahidi wake simuni: ile sauti ya mayowe isemwayo kuwa ilinaswa na wataalamu wa Kirusi waliochimba shimo refu wakaufikia moto wa Jahannamu. Sauti hiyo imetufikia sisi pia, zaidi ya mara moja, na mara nyingine kutoka kwa watu tunaowaheshimu. Shimo lenyewe ni la kweli. Liko Kola, kaskazini mwa Urusi, na mwaka 1989 lilifika mita 12,262. Joto huko chini lilipata nyuzi 180, wakati wataalamu walitarajia 100 hivi, na hilo ndilo lililowakwamisha. Mayowe hayakuwako. Hadithi ya mayowe ilienezwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na kituo cha televisheni cha Kikristo cha Marekani, na waliochunguza ile sauti waliikuta imekorogwa kutoka filamu ya kutisha ya mwaka 1972. Yaani Waislamu wa pwani wanaogopeshana kwa uzushi wa kanisani uliopambwa kwa sauti ya sinema.

Adhabu ya kaburi ni katika itikadi yetu, na hatuna shaka nayo. Tunaiamini kwa kuwa Mtume, rehema na amani zimfikie, ametupa khabari yake. Hiyo ni ghaibu. Mwenye kuiegemeza imani yake juu ya waya na kikuza sauti ataifanya nini siku atakapokuja mtu akamwonyesha kuwa ile ilikuwa radi ya Kongo? Vijana wangapi wameanza kuyatilia shaka ya kweli kwa sababu wakubwa wao waliwafundisha ya uongo kwa bidii ileile? Sura ya Hujurat imetuamrisha kuhakikisha khabari kabla ya kuwadhuru watu kwayo, na hapa mwenye kudhuriwa ni msichana wa shule, ambaye jina la kuwa na majini likimshika mtaani halitamtoka hata atakapoposwa.

Njia hii ya ardhini ina manufaa pia. Waokoaji wa mapangoni hutumia redio za masafa ya chini zenye vigingi au vifundo vya waya vinavyotandazwa chini, kwa kuwa simu ya mkononi haipenyi mwamba. Mwaka 2018, watoto 12 na mwalimu wao wa mpira waliponaswa ndani ya pango la Tham Luang huko Thailand, redio za aina hiyo zililetwa kutoka Uingereza. Na mwaka 2012 mgawo wa mawimbi wa kimataifa, ambao ulikuwa ukianzia kilohezi 9, ulishushwa hadi 8.3 kwa ajili ya vituo vinavyosikiliza radi ili kujua dhoruba ziko wapi. Jambo lilelile alifanyalo binti wa barua hii, hao hulipwa mshahara.

Kwa mama tunayo maneno machache ya matumizi. Waya za umeme za mtaani huvuma na kuifunika milio midogo, kwa hiyo majaribio mazuri hufanywa mbali nazo. Akienda huko na awe na nduguye. Awe na daftari, aandike saa, hali ya hewa na alichosikia, maana pasipo maandishi hakuna elimu. Asiguse kabisa kigingi cha mita ya umeme ya nyumba, wala asikiunge kifaa chake na umeme wa ukutani, betri zatosha. Kusikiliza ni jambo moja na kurusha mawimbi ni jingine, na la pili halifanywi bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Na ngurumo ikisikika kwa masikio matupu, avue visikilizio mara moja, aufungue waya kwenye kifaa, aingie ndani.