Atemisia si Chai ya Kila Homa

Kila unapowadia msimu wa jua kali, kuanzia Januari hadi masika yanapoanza, wakazi wa Sombetini na kata nyingine za jiji la Arusha hulalamikia maradhi ambayo kwa jumla huitwa homa za joto: kichwa kugonga, viungo kulegea, chakula kutolika, jasho na baridi kupokezana. Dawa inayosifiwa siku hizi, na kupitishwa kutoka jirani hadi jirani, ni majani makavu ya atemisia, mmea wenye asili ya China. Majani hayo huchemshwa katika birika na kunywewa asubuhi na jioni mpaka mgonjwa ajisikie nafuu. Wanaofanya hivyo si watu wasiosoma pekee. Wamo walimu, makarani na maofisa, yaani watu ambao umma huwatazama ili ujue la kufanya.

Mmea huo unastahili heshima. Wachina huuita qinghao, na kwa karne nyingi waganga wao wameutumia kuondoa kile wanachokiita joto la kiangazi lililoingia mwilini. Katika karne ya 4 mganga Ge Hong aliandika namna ya kuutumia dhidi ya homa za vipindi. Tarehe 23 Mei 1967, miezi mitatu na ushee baada ya Azimio la Arusha kupitishwa katika mji huu, Serikali ya China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa mpya ya malaria. Ndugu zao wa Vietnam ya Kaskazini, waliokuwa wakipigana na majeshi ya Marekani, walikuwa wakiangamizwa msituni na malaria ambayo haikusikia tena klorokwini.

Mwaka 1969 mtafiti Tu Youyou alikabidhiwa kundi la watafiti mjini Beijing. Kundi hilo lilipitia maelfu ya maagizo ya waganga wa kale, likajaribu mitishamba mingi, na qinghao yenyewe ikaonyesha nguvu leo na kesho ikashindwa. Ufumbuzi ulipatikana pale mama huyo aliposoma upya maneno ya Ge Hong na kugundua kwamba mganga yule hakuagiza majani yachemshwe. Aliagiza yalowekwe katika maji, yakamuliwe, na maji yake yanywewe. Tu Youyou akatambua kwamba huenda moto ndio unaoiharibu dawa, akatumia njia isiyohitaji joto kubwa, na mwezi Oktoba 1971 akapata kimiminika kilichowaponya panya wote waliojaribiwa. Mwaka uliofuata yeye na wenzake walikunywa wao kwanza kabla ya kumpa mgonjwa yeyote. Dawa iliyotengwa humo ndiyo atemisinini, na mwaka 2015 ilimpatia Tuzo ya Nobel.

Basi na watafakari wanaochemsha majani hayo kwa jina la mapokeo ya Wachina. Dhidi ya malaria, agizo la Ge Hong halikutaja birika.

Wala haitoshi kusema kwamba majani yakilowekwa tatizo limekwisha. Kiasi cha atemisinini ndani ya jani hubadilika kwa mbegu, udongo, mwinuko wa shamba na siku ya kuvuna. Huwa kingi mmea unapokaribia kutoa maua, kisha hupungua. Katika majani makavu ya mbegu nzuri hupatikana takriban asilimia moja tu, na sehemu kubwa yake haiyeyuki vizuri katika maji. Hakuna mama nyumbani, wala muuzaji sokoni, anayeweza kujua kikombe kimoja kina dawa kiasi gani. Isitoshe, wapo wanaochuma pakanga ya kienyeji wakidhani ndiyo hiyo hiyo kwa kuwa majani yanafanana na uchungu unafanana. Pakanga ni jamaa ya mmea wa China, na wazee wameitumia kwa mengi, lakini atemisinini ya kutegemewa haimo.

Mkoa wa Arusha unaujua mmea huu kwa njia nyingine pia. Katika miaka ya 2000 wakulima wa ukanda huu walihimizwa kulima atemisia kwa ajili ya viwanda vya dawa. Majani yalivushwa mpaka kwenda kukamuliwa Athi River, Kenya, na kutoka huko dawa ghafi ikaenda ng'ambo. Mwaka 2005 bei ya kilo moja ya atemisinini ilipita dola 1,000. Dunia nzima ikakimbilia kulima, na kufikia mwaka 2007 bei ilikuwa imeanguka hadi karibu dola 200. Mkulima aliyeng'oa mahindi yake ili apande atemisia ndiye aliyebeba hasara. Nchi ikaendelea kununua vidonge kutoka nje, vikiwa vimetokana na jani ambalo ardhi yake ina uwezo wa kuliotesha. Huu ndio unyonge ambao sera ya kujitegemea ilikusudiwa kuuondoa, na hauwezi kuondolewa kwa kunywa majani ambayo viwanda havikuyanunua.

Liko jambo ambalo watumishi wa umma wa Arusha hasa wanapaswa kulizingatia. Jiji hili liko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, chini ya Mlima Meru, na mkoa wake ni miongoni mwa mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini. Kwa hiyo homa nyingi za Sombetini si malaria. Ni nimonia, ni homa ya matumbo, ni maambukizi ya njia ya mkojo, na pengine ni mtu aliyeshinda juani bila kunywa maji. Anayezitibu zote kwa birika moja anaipa nimonia ya mtoto siku tatu za kukomaa. Kwa upande mwingine, mwalimu aliyekwenda likizo Kigoma, au ofisa aliyerudi kutoka safari ya kikazi Geita, anaweza kuwa na malaria kweli. Mwili uliozoea nyanda za juu hauna kinga ya kutosha, na ugonjwa humwangusha haraka. Mtu huyo anahitaji kipimo siku ile ile, kisha, akikutwa na vijidudu, vidonge 24 vya dawa mseto kwa siku tatu, vikinywewa pamoja na chakula chenye mafuta au maziwa. Akizidiwa, anahitaji sindano ya atesuneti hospitalini. Vidonge na sindano hiyo vyote ni watoto wa qinghao, ila vimepimwa.

Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 kwa sababu vijidudu viliizoea. Dawa iliyofuata nayo ikachakaa upesi, na mwaka 2006 Taifa likachagua dawa mseto. Sasa Shirika la Afya Duniani limethibitisha usugu wa kiasi dhidi ya atemisinini katika Eritrea, Rwanda, Uganda na hapa Tanzania, ambako ulionekana mkoani Kagera. Haina maana kwamba dawa imeshindwa. Mseto bado unaponya. Lakini dozi hafifu, ile inayojeruhi vijidudu bila kuviua, ndiyo inayoviacha hai vile vyenye nguvu, na shirika hilo lilitaja hatari hiyo mwaka 2019 lilipokataa matumizi ya majani ya atemisia kwa kutibu au kuzuia malaria.

Watasema wengine kwamba huu ni mwendelezo wa kasumba ya kudharau tiba ya asili. La hasha. Tanzania ilianza kuchunguza mitishamba yake Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 2002 ikatunga sheria ya tiba asili na tiba mbadala. Kinachostahili kulaumiwa ni kasi ya kazi hiyo. Mei 2020 ndege ilikwenda Madagascar kuchukua dawa ya chupa iliyotokana na atemisia, na mahali pengi watu wakaanza kupanda miche uani. Shauku ya wananchi iliongezeka kwa siku chache kuliko ilivyoongezeka fedha ya watafiti kwa miaka mingi. Majani yanayouzwa Arusha yapelekwe maabara, yapimwe, na matokeo yatangazwe kwa Kiswahili ambacho kila mnunuzi atakielewa.

Wakati hayo yakisubiriwa, ofisi na shule za Sombetini zina la kufanya Januari hii hii. Anayerejea kutoka mikoa yenye malaria na kuugua homa apewe ruhusa ya kwenda zahanati siku hiyo hiyo, bila kuulizwa maswali ya kumvunja moyo na bila kukatwa siku yake ya kazi. Ruhusa hiyo impate mwalimu, karani, dereva, mpishi wa shule na mlinzi wa usiku.