Njaa Pekee Haikumleta Hitler



Baadhi ya walimu wenzangu husema Wajerumani walimfuata Hitler kwa sababu fedha yao ilipoteza thamani mwaka 1923, hata mkate ukauzwa kwa mabilioni ya maki. Sikubaliani nao. Katika uchaguzi wa 1928, chama cha Nazi kilipata viti 12 tu bungeni.

Mambo yalibadilika uchumi wa Marekani ulipoporomoka mwaka 1929. Mikopo kwa Ujerumani ilikatwa, viwanda vikafungwa, na kufikia mwaka 1932 watu wapatao milioni 6 hawakuwa na kazi. Badala ya kuwasaidia, serikali ya Brüning ilipunguza mishahara na posho za wasio na kazi. Hitler akawaambia kwamba adui yao ni Myahudi. Julai 1932 chama chake kikapata viti 230, na Januari 1933 Rais Hindenburg akamteua kuwa Waziri Mkuu.

Lakini Marekani nako, mwaka 1933, karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Roosevelt alianzisha kazi za umma, na uchaguzi huru ukaendelea.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Mimi naongeza: mwenye njaa aliyepuuzwa humsikiliza yeyote anayemtajia adui. Basi serikali yoyote inapobana matumizi, isianzie kwenye sahani ya maskini. Nasi wananchi, tukiambiwa shida zetu zimeletwa na kabila au dini fulani, tudai ushahidi kwanza.

Mwalimu wa Kijijini