Je, Bendi Hufa Wenyewe Waondokapo?

Kila mwaka, darasa la mwisho limalizapo mitihani na kufunga masanduku, husikika neno lile lile mabwenini: "Sasa bendi imekwisha." Na wanafunzi wa zamani wajapo kututembelea siku ya sikukuu ya shule, husimama nyuma ya ukumbi, wakasikiliza nyimbo mbili, kisha wakatikisa vichwa: "Hii siyo bendi tuliyoiacha." Kwa heshima niliyo nayo kwa kaka zetu hao, naomba nafasi katika gazeti letu niyapinge maneno hayo. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwa hiyo ushahidi wangu sitautoa hapa nyumbani, bali nitautoa mbali, California, Marekani, katika bendi iliyoitwa Grateful Dead.

Bendi hiyo ilianza mwaka 1965 katika mji wa Palo Alto, kwanza kwa jina la Warlocks. Muda si mrefu walikuwa watano: Jerry Garcia na Bob Weir wapiga gitaa, Phil Lesh wa gitaa la besi, Bill Kreutzmann wa ngoma, na Ron McKernan, aliyejulikana kwa jina la Pigpen, mwimbaji na mpiga kinanda. Muziki wao ni ule wa roki uitwao saikedelia. Magitaa ya umeme huvuma na kuzunguka, na wimbo mmoja hurefushwa hata msikilizaji akahisi anaota macho wazi. Katika santuri yao ya mwaka 1969, iliyonaswa mbele ya watu, uko wimbo uzidio dakika 20.

Sasa tazameni jinsi walivyopata watu wao. Lesh alikuwa amejifunza tarumbeta na utunzi, lakini gitaa la besi hakuwa amelipiga kabla ya Garcia kumwita. Alipewa kiti kwanza, ufundi ukafuata. Mwaka 1967 akaongezwa Mickey Hart, mpiga ngoma wa pili. Mwaka 1968 Garcia na Lesh waliona kwamba Weir na Pigpen wako nyuma ya wenzao, wakataka kuwaondoa, hata wakapiga usiku kadhaa bila wao. Lakini jambo hilo halikudumu. Wawili hao walirudi, na Weir, aliyekuwa na miaka 21 tu, alibaki mpaka mwisho wa bendi mwaka 1995. Hart naye alijitenga mwaka 1971, baada ya baba yake, aliyekuwa meneja wao, kuwaibia fedha. Kosa halikuwa lake, lakini aibu ilimlemea. Mwaka 1974 alirudi jukwaani, wakampokea.

Je, bendi ilikufa mara hizo zote? Haikufa. Ilipiga maonyesho zaidi ya 2,300 katika miaka 30. Nami naona siri yake ni hii: hawakuwa na orodha moja ya nyimbo ya kurudiwa kila usiku. Wimbo wa jana ulipigwa leo kwa njia nyingine, kila mmoja akimsikiliza mwenzake ili ajue aingie wapi. Mahali pa namna hiyo mgeni haji kuvaa viatu vya mtu aliyeondoka, huja na vyake. Lakini bendi ikaririyo nyimbo zake kama jedwali la kuzidisha humfanya kila mgeni aonekane mwizi wa nafasi ya mwingine.

Mfano mzuri ulitokea katika Afrika hii yetu. Septemba 1978 walipiga usiku tatu huko Giza, Misri, chini ya piramidi. Kreutzmann alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, akapiga ngoma kwa mkono mmoja. Hamza El Din, mwanamuziki Mnubi, alipanda jukwaani na wenzake wakiimba na kupiga makofi ya kwao, na wale Wamarekani wakaingia polepole, mmoja mmoja, katika mwendo wa wenyeji. Wenyewe hawakuridhika na upigaji wao wa safari ile, na santuri waliyokusudia haikutoka wakati huo. Kanda zile zilitolewa mwaka 2008. Hata hivyo husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Usiku ule hakuna awezaye kusema nani alikuwa mgeni na nani mwenyeji.

Najua mtaniuliza: mwanafunzi wa shule ya misheni awasifuje watu waliojulikana kwa dawa za kulevya? Swali hilo ni la haki, wala sitalikwepa. Pigpen alikufa mwaka 1973 akiwa na miaka 27, mwili umeharibiwa na pombe. Brent Mydland, mpiga kinanda wao tangu mwaka 1979, aliuawa na dawa hizo mwaka 1990, umri wake miaka 37. Garcia mwenyewe alikufa mwaka 1995 akiwa katika nyumba ya kutibiwa uraibu. Hao hawakuhitimu, ndugu zangu, waliangamia. Baada ya kifo cha Mydland bendi ilikuwa jukwaani tena kabla ya miezi miwili kupita, na mtu mpya kwenye kinanda. Hapo mimi siwasifu hata kidogo. Kiti kilijazwa upesi, na maradhi yaliyokiacha wazi yakabaki pale pale. Kubadili watu si dawa ya kila kitu, na bendi iwezayo kumpata mpigaji haraka kuliko inavyoweza kumlilia imepungukiwa na kitu kikubwa.

Lakini Garcia alipokufa walifanya jambo la busara. Desemba mwaka ule ule walitangaza kwamba jina la Grateful Dead halitatumika tena kwa bendi yao. Waliobaki walipiga muziki baadaye, lakini kwa majina mengine. Walijua tofauti ya pengo lizibikalo na lile lisilozibika.

Pengo letu shuleni ni la namna ya kwanza. Anayeondoka hapa ameondoka kwa heri, tena yu hai, na anaweza kurudi Jumamosi yoyote. Kwa hiyo nashauri mambo matatu. Kwanza, wadogo wa mwaka wa pili wapewe vyombo kabla wakubwa hawajaondoka, wala si baada yake. Pili, wasilazimishwe kuiga kila sauti ya waliotangulia. Tatu, kaka zetu wa zamani wajapo, wasisimame nyuma ya ukumbi. Wapande jukwaani, wamshike mkono yule mtoto anayehangaika na tarumbeta, wamwonyeshe pumzi hutoka wapi.

Asiyekubaliana nami aandike katika toleo lijalo, nitamsoma kwa furaha. Ila nitamwomba jambo moja: kabla ya kusema bendi imekufa, ataje jina la mdogo mmoja aliyemfundisha kupiga.